Kanali Mamadou Ndala: kwa nini mkuu wa batalioni alipendwa kuliko majenerali wake?

#1 Msomi wa Ngara

Wakuu, salaam.

Kila Januari ikiingia namkumbuka Kanali Mamadou Mustafa Ndala, mkuu wa Batalioni ya 42 ya makomando wa jeshi la Kongo, FARDC. Aliuawa tarehe 2 Januari 2014 pale Ngadi, nje kidogo ya mji wa Beni. Gari lake lilishambuliwa kwa roketi na kuteketea barabarani mchana kweupe. Alikuwa na miaka 35.

Miezi miwili tu kabla ya hapo huyu bwana ndiye aliyekuwa sura ya ushindi dhidi ya waasi wa M23. Kibumba ilikombolewa, ikafuata Rutshuru, ikafuata Rumangabo, na tarehe 30 Oktoba 2013 Bunagana nayo ikarudi. Tarehe 5 Novemba M23 wenyewe wakatangaza kwamba vita vyao vimekwisha. Na kabla ya yote hayo, Julai 2013, ulipoenea uvumi kwamba Mamadou anaitwa Kinshasa, wananchi wa Goma waliingia barabarani kuzuia asiondoke. Raia wa Kongo, waliozoea kumkimbia mwanajeshi, waliandamana ili mwanajeshi abaki!

Swali langu ndilo hili. Juu yake kulikuwa na majenerali. Pembeni yake kulikuwa na vifaru, helikopta na brigedi nzima ya Umoja wa Mataifa. Kwa nini jina lililobaki midomoni mwa watu ni la mkuu wa batalioni? Mimi naamini ni kwa sababu alikaa mstari wa mbele na alihakikisha askari wake wanakula. Silaha zilikuwa zile zile zilizotelekezwa Goma Novemba 2012. Kilichobadilika ni kiongozi.

Mwenye hoja tofauti aje nayo.

#2 Kitambaa Cheupe

Nimekaa siti ya mbele. Wajuzi wa Kivu karibuni.

#3 Yaya Sifa

Asante kwa kumukumbuka, ndugu. Miye niko wa Goma, hiyo mwaka nilikuwa ku Ndosho.

Muelewe kwanza kitu yenye ilitangulia. Siku ya 20 Novemba 2012 tuliona basoda betu banakimbia mbele yetu, bengine banatupa nguo ya kazi ku barabara. M23 ikaingia mu muji bila mutu wa kuizuia. Ilikuwa haya kubwa, hata batoto balijua ni haya. Njo maana Mamadou alipokuja na kusema yeye hatarudi nyuma, tulimuangalia vizuri. Na hakurudi nyuma. Alikuwa anapita, anasimama, anasalimia batu, anaongea Swahili na Lingala, haogopi micro ya waandishi.

Bamama balianza kupika chakula na kupelekea basoda ku njia ya Kibati. Maji, sigara, ndizi, kila mutu na kenye alikuwa nayo. Hakuna mutu wa serikali alituambia tufanye vile. Kwa hiyo pale unasema "alihakikisha askari wake wanakula", uandike pia ni nani alipika.

#4 Hesabu Kamili

Mleta uzi, kwa heshima zote, umeanza na hitimisho.

Unasema silaha zilikuwa zile zile. Hapana. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio 2098, ikaundwa brigedi ya kujibu mashambulizi yenye nafasi ya askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa kwetu. Hii ilikuwa mara ya kwanza UN kupeleka kikosi chenye ruhusa ya kushambulia waasi bila kusubiri kushambuliwa. Agosti 2013 mizinga ya brigedi hiyo ilikuwa inapiga Kibati. Tarehe 4 Novemba Afrika Kusini wakarusha helikopta za Rooivalk juu ya Chanzu, zikiingia vitani kwa mara ya kwanza tangu zitengenezwe.

Mwondoe Mamadou kwenye picha, halafu uwaondoe hao. Ni upande gani ungewafikisha Bunagana? Nampenda kama wewe unavyompenda, ila tusimtwishe mtu mmoja kazi ya nchi nne.

#5 Buti Jeusi

Hesabu Kamili kasema kweli, lakini nusu.

Nilikuwa kwenye hiyo brigedi, upande wa Munigi. Mizinga tulifyatua, ndiyo. Tulipoteza meja wetu tarehe 28 Agosti na wengine wakajeruhiwa, siwezi kusahau. Lakini nikwambie kitu ambacho mtu wa mizinga anakijua kuliko mtu yeyote: bomu haliteki kilima. Bomu linamlaza adui chini, basi. Likinyamaza, lazima atokee mtu wa miguu apande na bunduki kabla aliyelazwa hajainua kichwa. Ukichelewa dakika chache, kazi yote ya mizinga imekwenda bure na adui sasa ana hasira.

Kile kilima wanachokiita Antena Tatu kilihitaji watu wa namna hiyo, na waliopanda walikuwa Wakongo. Mwaka mmoja nyuma jeshi hilo hilo lilikuwa linakimbia likisikia mlio wa kwanza. Sasa mwenye hesabu anieleze: helikopta inamtia askari moyo wa kupanda? Inamsaidia, sikatai. Lakini askari kabla hajainuka anageuka kumwangalia CO, yaani mkuu wake wa kikosi, yuko wapi. Akimwona yuko nyuma kilomita kumi na redio, naye anatafuta sababu ya kufunga kamba za buti.

#6 Kitambaa Cheupe

Afande Buti Jeusi, saluti.

Swali la kando. Kanali anaongozaje batalioni? Mimi nilijua batalioni ni ya luteni kanali, kanali anapanda juu zaidi. Au walimshusha?

#7 Buti Jeusi

Kwetu JWTZ umesema sawa, batalioni kwa kawaida ni ya luteni kanali, watu kati ya 500 na 1,000. Kongo ni habari nyingine. Baada ya mikataba ya amani waasi waliingizwa jeshini na vyeo vyao, safari moja baada ya nyingine. Hao M23 wenyewe jina lao linatokana na mkataba wa tarehe 23 Machi 2009. Matokeo yake makanali wakawa wengi kuliko batalioni za kuwapa. Hakushushwa.

#8 Msomi wa Ngara

Nimemwelewa Hesabu Kamili, ila angalia tarehe. Mapigano ya Mutaho, karibu na Kanyarucinya, yalianza tarehe 14 Julai 2013. Hapo brigedi ya UN ilikuwa bado haijaingia vitani, iliingia Agosti. Batalioni ya 42 na wenzao walishikilia mstari Julai bila mizinga ya Tanzania. Na maandamano ya kumzuia Mamadou asiondoke yalikuwa Julai hiyo hiyo. Mapenzi ya watu yalitangulia helikopta.

#9 Mhasibu Mkongwe

Wote mnaongelea risasi. Ngoja nilete hoja ya fedha, maana jeshi linakufa kwenye daftari la mishahara kabla ya kufa vitani.

Kwa miaka mingi mshahara wa askari wa Kongo ulipitia mikononi mwa makamanda. Fedha zinatoka Kinshasa kwa idadi ya askari walioandikwa, zinashuka ngazi kwa ngazi, kila ngazi inachukua chake. Kamanda alikuwa na faida ya kuandika askari hewa na hasara ya kuwa na askari wa kweli. Hebu fikirieni jeshi ambalo mkubwa anapata zaidi vijana wake wakipungua! Umoja wa Ulaya ulianzisha ujumbe wa EUSEC mwaka 2005, na moja ya kazi zake ilikuwa kutenganisha njia ya mishahara na njia ya amri. Waliwahesabu askari, wakawapa vitambulisho, na baadaye mishahara ikaanza kulipwa benki.

Kwa hiyo 2013 askari wengi walikuwa hawamtegemei kamanda kwa mshahara kama zamani. Kamanda mwizi alikuwa ameanza kuzibiwa mrija. Pia baada ya Goma kuanguka mkuu wa majeshi ya nchi kavu alisimamishwa kazi Novemba 2012, na maofisa wengi wa Kivu wakaitwa Kinshasa. Mamadou alipata uwanja uliosafishwa kidogo. Angekuja 2009 na moyo ule ule angezamishwa na mfumo.

#10 Yaya Sifa

Muzee Mhasibu, juu ya mishahara uko na haki. Lakini batu benye balisafishiwa uwanja balikuwa bengi, si yeye peke. Mbona hatukumbuki majina yabo?

#11 Mhasibu Mkongwe

Hapo dada yangu umenibana, sina jibu jepesi.

#12 Wanjala wa Bungoma

Habari zenu. Nimefuata huu uzi kutoka Kenya na naona mnasahau Kigali.

M23 ya Oktoba 2013 haikuwa M23 ya Novemba 2012. Kwanza walipigana wenyewe kwa wenyewe mwanzoni mwa 2013, upande wa kamanda wao Makenga na upande wa kamanda mwingine, Ntaganda. Ntaganda akashindwa, akakimbilia Rwanda pamoja na mamia ya wapiganaji, na Machi 2013 akajisalimisha ubalozi wa Marekani mjini Kigali. Hilo peke yake ni pigo kubwa. Pili, wataalamu wa UN walikuwa wameandika 2012 kwamba Rwanda inawasaidia M23. Rwanda ilikana, lakini wafadhili, Uingereza na Ujerumani wakiwemo, wakasimamisha misaada. Mashambulizi ya Oktoba yalipoanza, simu zilipigwa Kigali kutoka Washington na London. Makenga aliangalia nyuma akakuta hakuna mtu.

Mamadou alikuwa askari mzuri sana. Lakini alipigana na adui aliyekuwa amekatwa mguu mmoja.

#13 Hesabu Kamili

Wanjala, asante. Hiyo ndiyo hesabu ninayoiongelea.

#14 Buti Jeusi

Wanjala, adui mwenye mguu mmoja akiwa juu ya kilima na bunduki ya rashasha bado anaua. Mliokuwa nyumbani mnaona mguu uliokatwa. Sisi tuliona rashasha.

#15 Mjukuu wa Mgambo

Naomba nichepushe kidogo, mniwie radhi. Uzi huu umenikumbusha vita vyetu vya Kagera. Hata sisi tuliwahi kuwa na mkuu wa kikosi aliyeingia Kampala kabla ya wakubwa, yule Walden "Black Mamba". Yeye na Mamadou naona damu moja.

#16 Mzee wa Kyaka

Mjukuu, rekebisha hapo. Walden alikuwa shujaa, hakuna ubishi, lakini alikuwa na Brigedi ya 207, hakuwa mkuu wa batalioni. Kampala ya Aprili 1979 mwendo ulikuwa hivi: Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa iliteka Entebbe tarehe 7 Aprili, kisha ikasonga mjini kutokea kusini. Mbele yake ilikuwa Batalioni ya 19 ya Luteni Kanali Ben Msuya. Hao ndio walioingia katikati ya Kampala, na kufikia tarehe 11 Aprili mji ulikuwa mikononi mwetu. Barabara ya kwenda Jinja iliachwa wazi makusudi ili Walibya waliokuja kumsaidia Amin waondoke bila kumwaga damu zaidi. Oyite-Ojok, ofisa wa Waganda waliopigana upande wetu, akatangaza redioni kwamba Amin hana tena serikali, na Yusuf Lule akaapishwa kuwa rais tarehe 13. Katikati hapo, kwa muda mfupi, mtu mwenye amri ya kweli katika mji mkuu wa Uganda alikuwa luteni kanali wa Kitanzania mwenye batalioni moja.

Waulize vijana mtaani Ben Msuya ni nani. Musuguri wanamjua, maana alikuja kuwa Mkuu wa Majeshi na akaishi hadi Oktoba 2024, miaka 104. Mayunga wanamjua kwa jina la "Mti Mkavu". Msuya hawamjui. Kwa hiyo kwetu ilikuwa kinyume cha Kongo: mkuu wa batalioni alifanya kazi kubwa, majina ya juu ndiyo yakabaki. Mleta uzi, nadharia yako ya "mstari wa mbele" inalijibuje hili?

#17 Msomi wa Ngara

Mzee wangu, swali zito. Labda jibu ni kwamba 1979 nchi nzima iliamini uongozi wake. Mwalimu alitangaza kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo na uwezo wa kumpiga tunao, na watu wakawa tayari. Batalioni ya 19 ilionekana kama mkono wa mwili mzima. Kongo 2013 watu hawakuamini chochote kilichokuwa juu ya Mamadou, ndiyo maana mapenzi yao yote yalimwangukia yeye.

#18 Mzee wa Kyaka

Inaingia akilini, ingawa siikubali yote. Na Lukaya pia uiweke. Tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi waliopata mafunzo ya haraka, ilitawanyika chini ya moto wa Walibya pale kwenye barabara ya bwawani. Usiku huo huo 208 ikazunguka ubavuni na asubuhi tukapiga. Watu wa 201 walipangwa upya wakarudi kupigana. Askari aliyekimbia jana si lazima awe mwoga kesho, inategemea anakusanywa na nani.

#19 Mjukuu wa Mgambo

Asante Mzee kwa marekebisho. Marehemu baba alikuwa mgambo katika vita hivyo. Alikuwa akisema mkuu wa kombania yao (jina nalihifadhi) alikuwa wa mwisho kupewa chakula siku zote, hadi mpishi akamwogopa, maana akikuta sufuria imeisha kabla ya askari wa mwisho kula, mpishi ndiye anayeenda lindo. Baba hakuwahi kuongelea shabaha ya yule mtu wala mbinu zake. Aliongelea sufuria.

#20 Kitambaa Cheupe

Mjukuu, hiyo ya mpishi nimeipenda sana. Buti Jeusi, ulipikiwa na nani Munigi? Usitudanganye kwamba mlikula risasi.

#21 Buti Jeusi

Tulipikiwa vizuri, acha uchokozi. Ugali ulikuwepo.

#22 Mwanasheria Kijana

Wakuu, mbona hakuna aliyegusa kifo chake? Naona tunazunguka. Kwa walio na habari: nani alimuua Mamadou?

#23 Wanjala wa Bungoma

ADF, wale waasi wenye asili ya Uganda. Msemaji wa serikali ya Kongo, Lambert Mende, aliwataja mara moja, na Beni ni eneo lao. Mamadou alikuwa amepelekwa huko Desemba 2013 kujiandaa kwa operesheni dhidi yao, ile iliyoitwa Sukola 1, iliyoanza katikati ya Januari bila yeye. ADF walikuwa na kila sababu ya kumwahi kabla hajaanza.

#24 Yaya Sifa

Wanjala, ndugu yangu, mutu gani wa Goma aliamini hiyo siku ya kwanza? Hakuna. Siku ile habari ilifika, batu balijaa ku barabara, tulilia, bavijana balikuwa na kasirani, na maneno ilikuwa moja: bamemuuzisha. Ngadi si musitu wa mbali. Ni karibu na kiwanja cha ndege, karibu na basoda ba serikali na ba MONUSCO, bale ba UN. Adui alijuaje ni saa gani atapita, na mu gari gani? Mutu alimuambia. Mutu wa ndani.

#25 Mwanasheria Kijana

Yaya Sifa, mahakama yenyewe haikuwa mbali na hayo unayosema. Kesi ilisikilizwa Beni na mahakama ya kijeshi ya operesheni, na hukumu ikatoka Novemba 2014. Luteni kanali mmoja wa FARDC alihukumiwa kifo kwa kushirikiana na ADF, na watu wa ADF wakahukumiwa bila kuwepo. Kwa maneno mengine mahakama ilisema yote mawili: mkono ulikuwa wa ADF, na mlango ulifunguliwa na mtu wa ndani. Adhabu ya kifo ilikuwa haitekelezwi Kongo tangu 2003.

Kwa hiyo hoja ya Wanjala na yako zinaweza kukaa nyumba moja. Ugomvi uliobaki ni kama mlango ule ulifunguliwa na mtu mmoja wa cheo kile peke yake.

#26 Yaya Sifa

Njo kile tunauliza mupaka leo. Luteni kanali mumoja? Yeye peke? Na kama hukumu ilimaliza mambo, mbona batu ba Beni na ba Goma hawajaridhika?

#27 Hesabu Kamili

Kutoridhika si ushahidi, dada yangu. Nchi iliyodanganywa mara nyingi haitaridhika hata ikiambiwa kweli. Nasema hivi bila kuitetea serikali yoyote.

#28 Simba Kivu

Msisahau kwamba Jenerali Bahuma, mkubwa wake Mamadou, naye aliuawa mwaka huo huo. Waliwamaliza wote walioshinda M23. Ni mpango mmoja.

#29 Mwanasheria Kijana

Simba Kivu, taratibu. Jenerali Lucien Bahuma, kamanda wa mkoa wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, hakupigwa risasi. Aliugua ghafla akiwa Uganda, akapelekwa Pretoria, akafariki hospitalini tarehe 31 Agosti 2014. Najua wako wengi wanaoamini alipewa sumu. Lakini "aliuawa" ni neno la mahakama au la daktari, na hapa hatuna lolote kati ya hayo mawili.

#30 Simba Kivu

Nimekuelewa mkuu, ila watu wawili waliokuwa mbele kabisa kuondoka ndani ya miezi minane, na Oktoba mwaka huo mauaji ya raia Beni yanaanza, usiniambie nisijiulize.

#31 Mwanasheria Kijana

Jiulize, mkuu. Mimi pia najiuliza.

#32 Dada wa Minova

Samahani, nitasema jambo ambalo halitawafurahisha. Mnawasifu hawa makomando kama malaika. Novemba 2012 wanajeshi wa serikali waliokimbia kutoka Goma waliwafanyia wanawake wa Minova unyama mkubwa. Ubakaji. Batalioni hizi hizi za "makomando". Kabla ya kumwita mtu shujaa tuulize askari wake walifanya nini.

#33 Msomi wa Ngara

Dada, umefanya vema kulileta, na halipaswi kufunikwa. Naweka sawa jambo moja tu: batalioni ambazo UN ilizitaja kwa Minova, na kutaka maofisa wake waondolewe, zilikuwa ya 391 na ya 41. Ya Mamadou ni ya 42. Hiyo 391 ndiyo iliyopewa mafunzo na Wamarekani kule Kisangani, na Julai 2013 ililaumiwa tena kwa kudhalilisha maiti za M23.

#34 Dada wa Minova

Nashukuru kwa kutofautisha. Lakini sasa hapo ndipo mngeanzia tangu juzi. Batalioni ya 391 ilifundishwa na Wamarekani, ilipewa hata somo la haki za binadamu, ikafanya yale. Kwa hiyo mafunzo si jibu. Mshahara wa benki ambao Mhasibu anausifu ulikuwa wa jeshi zima, nao si jibu. Kinachobaki ni mkuu wa kikosi anakubali nini na anakataa nini usiku, wakati hakuna mwandishi wa habari. Sijui Mamadou alikuwa mtu wa namna gani usiku. Nataka mtu wa Goma aniambie, si mtu wa Dar.

#35 Yaya Sifa

Mwenzangu, pole sana kwa yale ya Minova, tunayajua.

Nitakujibu kile niliona mimi. Mbele ya 2013, saa kumi na mbili ya mangaribi, ukiona musoda ku njia unageuza njia. Unaficha telefone, unaficha binti. Hiyo miezi ya Mamadou nilipita karibu na basoda bake na mizigo yangu ya kuuza, giza limeingia, na hakuna mutu alinigusa wala kuniomba kitu. Sisemi ni wote balikuwa bazuri. Nasema sikugeuza njia. Kwangu mimi mwanamuke njo kitu kilinifanya nimupende, hata mbele hajateka Kibumba.

#36 Dada wa Minova

Nimekusikia. Asante.

#37 Mhasibu Mkongwe

Post #35 imenipa jibu la #10 nililolikosa. Tulikuwa tunapima kamanda kwa maeneo aliyoyateka, kumbe wananchi walimpima kwa njia wanazopita.

#38 Hesabu Kamili

Nakubali kwamba hiyo inaeleza *mapenzi*. Haielezi *ushindi*. Mleta uzi alichanganya mambo mawili tangu post #1, nami bado nasimama pale pale kuhusu ushindi: Azimio 2098, mizinga, na Kigali kubanwa.

#39 Buti Jeusi

Na mimi nimesimama pale pale kwenye kilima.

#40 Simba Kivu

Jamani, tarehe 13 Juni 2022 Bunagana ilirudi kwa M23, na mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaanguka tena, gavana wa kijeshi akauawa akiwa mstari wa mbele. Mamadou angekuwepo haya yasingetokea.

#41 Wanjala wa Bungoma

Simba Kivu, huyo gavana uliyemtaja, Meja Jenerali Cirimwami, naye alikuwa mbele kwenye mapigano, na Goma ikaanguka hata hivyo. Safari hii Kigali haikubanwa kwa wakati kama 2013. Naye Mamadou angekuwa na miaka 46, pengine jenerali wa ofisini Kinshasa. Walimpandisha hadi cheo cha jenerali baada ya kufa.

#42 Mzee wa Kyaka

Batalioni moja haishiki mji wenye watu milioni na zaidi kama majirani zake kushoto na kulia wameondoka. Hata Msuya pale Kampala, pembeni yake kulikuwa na brigedi nyingine mbili zinakuja. Mkuu wa batalioni anashinda akiwa na mabega. Mkimtafuta Mamadou wa sasa, mtafute pia walio ubavuni mwake.

#43 Msomi wa Ngara

Mzee, naomba ufungue uzi wa Ben Msuya na Batalioni ya 19. Wewe ndiye wa kuuandika, ukiwa bado na nguvu. Tutakuja wote.

#44 Mzee wa Kyaka

Nitauandika, ila nisaidieni kitu. Kuna kijana wa Batalioni ya 19 aliyekuwa dereva wa lori la silaha, kwao ni Ukerewe, nimepoteza njia ya kumpata. Kama kuna mtu ana mzee wa namna hiyo kwao, anitumie ujumbe wa faragha. Yeye anajua barabara waliyoingilia, mimi nilikuwa nyuma yao.

#45 Yaya Sifa

Muzee, na ukiandika, andika pia ni nani alibapikia.